Maji ya Mama Zoleka

Mokete hakuwa mwoga. Chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu ambako wanaume wenye vifua vipana hushuka wakisali, yeye alishuka akipiga mluzi. Lakini mwezi ule wa Julai, juu ya ardhi, kwenye ua wa vyumba vya kupanga alikoishi huko Welkom, Afrika Kusini, Mokete alikuwa anaogopa ndoo.

Ndoo yoyote ile. Mtu akipita na maji ya kufulia, Mokete alijibanza ukutani. Akitokea mzee na mkongojo wake, Mokete alihama njia. Akienda bafuni alitanguliza kichwa mlangoni, akachungulia kushoto na kulia, ndipo akatoka mbio taulo ikimpepea. Wapangaji waliokuwa Wasotho wenzake walijua kinachomsumbua na walikuwa wakivunjika mbavu. Wengine walidhani amerogwa.

Kilichomsumbua kilikuwa furaha tu. Mkewe, 'Matumelo, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kama inavyotakiwa kwa kifungua mimba alikuwa amerudi kwa wazazi wake kujifungulia huko, milimani Lesotho. Sasa kwa Wasotho habari ya mtoto wa kwanza baba haambiwi kwa mdomo. Akizaliwa wa kike, baba anamwagiwa maji. Akizaliwa wa kiume, anachapwa fimbo. Haonywi, habishiwi hodi, na kadiri anavyoruka kwa kushtuka ndivyo watu wanavyofurahi.

“Usifikiri umbali utakuokoa, mkwe wangu,” mama mkwe wake alikuwa amemwambia kwenye simu, akicheka kicheko chake kile cha kukohoa. “Nina watu wangu huko Welkom. Atakayekuja humjui. Wewe kaa tu na kiherehere chako.”

Mwingine angechukulia utani. Mokete hakuweza, na kisa chake ni baba yake, mzee Ramokete. Mzee naye alikuwa mtu wa migodi enzi zake, na siku Mokete anazaliwa alikuwa huko chini. Habari alizipata mtoto ameshaota meno. Alipewa na mtu aliyetoka likizo, wakiwa kwenye foleni ya uji: “Ee, wewe! Kwako kuna mvulana.” Basi. Foleni ikasogea. Na aliporudi nyumbani Krismasi, mvulana mwenyewe alimwona akapiga yowe, akajificha ndani ya blanketi la mama yake. Hadithi hiyo Mokete ameisikia tangu utotoni, na kila mara mzee akifika hapo hugeuza maneno akaanza kuzungumzia ng'ombe.

Kwa hiyo Mokete alikuwa amekula kiapo. Kumwona mtoto siku ya kwanza asingeweza, hata kama angekuwa mlangoni. Chumba cha mzazi hakiingii mwanamume mpaka wenye chumba waseme. Alichotaka ni kuwapo. Habari imkute ikiwa ya moto, impate mgongoni, kwao, mbele ya watu wake. Na ruhusa ya kazini ilikuwa moja tu. Msimamizi wa zamu alikwisha kumwambia, “Wiki moja ya mtoto, Mokete, na hairudiwi. Ukiimaliza, tutaonana Krismasi.” Basi, kwa kuwa siku ya kuzaa haijulikani, akaridhika imfikie hukohuko Welkom: akipata habari tu, afunge mzigo apande milima. Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa Mama Zoleka.

Mama Zoleka alikuwa Mxhosa, mgeni katika ua ule, mwanamke mwenye mwili na haraka zake. Jumamosi moja mchana Mokete alikuwa ameketi kizingitini akipiga viatu rangi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasahau kukaa chonjo. Mama Zoleka akamaliza kuosha vyombo, akafungua mlango kwa kiwiko, akatupa maji nje bila kuangalia, kama wanavyofanya wote.

Yalimpata barabara. Kichwa, kifua, viatu, na kipande cha kabichi kikamtulia juu ya sikio.

Halafu Sello, Msotho mwenzake wa zamu moja, akaruka kutoka kwenye kreti la bia alilokuwa amekalia.

“Msichana!” akapiga kelele. “Jamani, msichana! Mokete kapata msichana!”

Vigelegele vikapasuka kila mlango. Mokete alisimama maji yakimchuruzika, brashi ya viatu mkononi, machozi na maji ya vyombo yakishindana usoni. “Tumelo!” alikuwa akisema. “Tumelo wangu kaja!” Maana jina lilikuwapo tangu siku ya harusi, wazazi wa Mokete walipompa bibi harusi jina la 'Matumelo, yaani mama Tumelo, na Tumelo mwenyewe awe wa kike au wa kiume alikuwa akingojwa tu aje alivae.

Mama Zoleka alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa akiomba radhi kwa lugha yake, kwa kasi, lakini nani amsikie?

“Mnamwona anavyojifanya hakukusudia?” Sello alisema kwa kumstahi. “Mama mkwe wako kajua kuchagua mtu.”

Mokete akaenda dukani akarudi na kuku mzima na sukari, akampa Mama Zoleka kwa mikono miwili. Mama Zoleka akavipokea kwa mikono miwili. Baadaye alimwambia jirani yake kwamba ameishi na makabila mengi, lakini watu wa kukupa kuku kwa kuwamwagia maji machafu hajapata kuwaona.

Mtu mwenye akili zake atauliza: kwani hakupiga simu? Alipiga. Simu ya mkewe ilikuwa imezimwa. “Mzazi na simu wapi na wapi?” Sello akasema. Ukweli ni kwamba theluji ilikuwa imeanguka milimani na jua la kuchajia simu hakuna. Kumpigia mama mkwe Mokete aliona haya. Ingekuwa kama kulalamika kwamba hukuloweshwa vya kutosha. Na kuhusu mwezi wa kujifungua, kweli ulikuwa bado. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaona mtoto amewahi. “Kamfuata bibi yake,” akajiambia kwa fahari. “Yule naye hana subira.”

Jumatatu akachukua ruhusa yake, akapanda milima.

Kijiji cha wazazi wa Mokete na kile cha wakwe zake vinatazamana. Katikati kuna bonde na mto, na kwa mtu mwenye macho mazuri hakuna siri baina yao. Ukitoka kwako umevaa kofia mpya, ng'ambo wanajua. Basi lilimshusha barabarani chini, akapanda kijia mbiombio, mgongoni begi, kwapani bunda la nguo: gauni lenye utepe, soksi ndogo mno, na kofia ya sufu ya pinki. Mama yake, 'Mamokete, alikuwa nje akipanga samadi kavu ya kuwashia moto.

“Mama! Nimemwagiwa!”

“Umemwagiwa nini, baba?”

“Maji! Msichana! Tumelo!”

'Mamokete akamtazama mwanawe kuanzia kofia hadi viatu. Kisha, taratibu, akageuza uso kuelekea ng'ambo ya bonde. Huko, kwenye ukingo wa kijiji cha wakwe, blanketi la njano lilikuwa likitembea kwa mwendo wa madaha, na mbele ya blanketi lilitangulia tumbo ambalo hata mwenye macho mabovu angeliona.

“Tumelo yupi?” akauliza. “Mke wako yule pale. Au lile tumbo limebeba maboga?”

Bunda la nguo lilimponyoka Mokete. Kofia ya pinki ikaviringika hadi kwenye samadi.

Sitaki kumcheka mtu, lakini kijiji kilicheka kwa niaba yangu. Mpaka jua linatua hakuna nyumba ambayo haikuwa imesimuliwa habari ya kabichi. Mabibi walimwita Baba Maji. Wanaume walimshika bega, wakamwuliza kama huko Welkom siku hizi watoto wanazaliwa kwenye masufuria. Mama mkwe alituma salamu kutoka ng'ambo: “Mwambieni mkwe wangu maji yangu mimi ni safi, ya kisimani. Hayana mboga.”

Mokete alicheka nao, akajikaza kisabuni, lakini roho ilikuwa inamuuma. Ruhusa ilikuwa imeanza kuliwa, na mtoto bado. Kesho yake jua lilipotoka akapanda kilimani ambako simu hushika, akampata mkewe.

“Kwa nini hukuuliza?” 'Matumelo alisema.

“Ningemwuliza nani?”

“Mimi!”

“Simu yako ilikuwa imezimwa.”

Akamsikia anavuta pumzi, na akajua analia. “Mokete, ile wiki ilikuwa yetu sote watatu. Sasa umekuja kuila peke yako.”

Mokete alisimama pale upepo ukimpiga, akajiona mjinga kuliko wajinga wote waliowahi kupanda kilima kile.

“Ni kweli kabichi ilikuwa sikioni?” mkewe akauliza huku akipenga kamasi.

“Kweli.”

“La kulia au la kushoto?”

“La kushoto.” Na hapo akamsikia anacheka, anacheka mpaka akaomba ashikiliwe, na jiwe lililokuwa kifuani mwa Mokete likapungua uzito.

“Naweza kuja huko nikuone?” akamwuliza.

“Thubutu! Mama yangu atakufukuza na kijinga cha moto. Mkwe hazungukizunguki jikoni kwa watu siku hizi. Sikiliza. Asubuhi na jioni nitasimama ukingoni na hili blanketi. Wewe simama kwenye zizi lenu. Siku usiyoniona, ujue.”

“Na usinipigie simu.”

“Nikupigie ili iweje? Wewe ngoja fimbo yako.”

“Maji,” Mokete alisema. “Mimi nimeshamwona ni msichana.”

“Umemwona kwenye kabichi,” alisema mkewe, akakata simu.

Ikawa hivyo. Asubuhi blanketi la njano lilitokea ukingoni, likapunga. Mokete akapanda juu ya ukuta wa zizi, akapunga kofia. Jioni tena. Watu wa vijiji vyote viwili walizoea wakawa wanaweka chai jikoni kwa kuangalia blanketi. Katikati ya hapo Mokete na baba yake walijenga upande wa zizi uliobomoka, wakipanga mawe bila maneno mengi. Kifua cha mzee kilikuwa kimeachwa migodini zamani. Aliinua jiwe moja, akapumzika, akainua lingine. Sello naye alipiga siku moja, Mokete akiwa kilimani, kumwambia kwamba Mama Zoleka anauliza kama atataka maji mengine, kwa sababu kuku alikuwa mtamu.

Lakini wiki haina huruma. Siku zilikwisha, na blanketi bado linapunga.

“Kesho basi litapita,” mzee Ramokete alisema wakiwa kwenye ukuta. “Urudi kazini, mwanangu. Mtoto atakuja hata usipokuwapo. Wewe mbona ulikuja?”

“Nilikuja, na wewe ukaambiwa kwenye foleni ya uji.”

Ilimtoka vibaya, na Mokete akajuta papo hapo. Mzee aliweka chini jiwe alilokuwa ameshika.

“Hakuna aliyenipiga,” alisema. “Nilishuka chini mchana uleule. Siku nzima nikawa najishika bega, hivi. Nilitaka angalau paume kidogo.” Akaliinua tena lile jiwe. Kisha akasema, “Yule dume mweupe nadhani tumuuze,” na hadithi ikaishia kwa ng'ombe kama kawaida.

Jioni ile blanketi la njano halikutokea.

Mokete alisimama ukutani mpaka giza likafuta ng'ambo yote. Asubuhi pia ukingo ulikuwa mtupu. Moshi tu, moshi mwingi, kutoka kwenye nyumba moja. Alijua. Kila mtu alijua. 'Mamokete alifunga mkate kwenye kitambaa, akaufungua, akaufunga tena.

“Nibaki?” Mokete alimwuliza mama yake.

“Ukibaki utafukuzwa kazi. Tumelo atakula nini, hilo zizi?”

Wakashuka barabarani wote watatu. Basi lilikuwa likiteremka mlima taratibu, likipiga honi kila kona kana kwamba linamsimanga. Mokete aliangalia ng'ambo mpaka macho yakamuuma. Basi likafika, likasimama. Konda akatupa begi ndani. Mokete akampa mama yake mkono, akampa baba yake mkono, akaweka mguu kwenye ngazi, na pale ngazini akajiona kwenye foleni ya uji, bakuli mkononi, mtu asiyemjua akimwambia habari za mwanawe huku akitafuna.

“Bwana, unapanda hupandi?” dereva akauliza.

“Farasi!” alisema abiria mmoja dirishani.

Farasi alikuwa akivuka mto, maji yakiruka pande zote, na juu yake alikuwa Puseletso, mdogo wake 'Matumelo, blanketi limemfunika mpaka puani. Mkononi alishika ndoo.

Mokete alishuka ngazi kwa mruko mmoja. Akampa baba yake kofia. Akafungua pini ya blanketi alilojitanda Kisotho, akalitupa chini, akasimama na shati kwenye baridi ile ya kukata masikio, mikono ameitanua, macho ameyafumba. Kwenye basi watu walirundikana upande mmoja mpaka likainama.

“Mwaga!” alisema. “Mwaga, shemeji!”

Puseletso alishuka kwenye farasi bila haraka. “Baridi yote hii, shemeji? Utakufa.”

“Nife! Mwaga!”

Puseletso akaigeuza ndoo juu ya kichwa chake. Halikutoka hata tone. Mokete akafumbua jicho moja, na hapo ndipo fimbo ilipotoka chini ya blanketi la Puseletso, ikatua begani mwake: paa!

“Ala!”

Paa! “Wa kiume!” Paa! “Amezaliwa alfajiri! Mnene! Anapiga kelele kama baba yake!”

Basi zima lilipiga vigelegele. Mabibi walipiga mabati kwa viganja. Mokete aliruka huku na huku akicheka, akilia, akigeuza mgongo mwenyewe ili asikose. “Mama yake?” aliuliza katikati ya mapigo. “Mama yake hajambo?”

“Hajambo, anakula uji. Amesema nikuongeze moja ya kabichi.” Paa!

Dereva alizima gari, akashuka, akauliza kama wageni nao wanaruhusiwa kupiga. Aliruhusiwa. Konda naye pia.

Mokete alipopata pumzi alipanda ndani ya basi, akafungua begi lake, akatoa lile bunda la nguo, akampa Puseletso. “Mpelekee Tumelo. Mwambie kofia ya pinki inaziba masikio sawasawa na nyingine.”

“Atavaa,” alisema Puseletso. “Na tutamweleza kwa nini.”

Halafu Mokete akaichukua fimbo mkononi mwake. Bega lilikuwa linamuuma vizuri. Alimwangalia baba yake, aliyekuwa amesimama kando ya barabara na kofia ya mwanawe kifuani, akitabasamu kama mtu aliyekuja kuangalia harusi ya wengine. Akaenda kwa mama yake, akampa ile fimbo kwa mikono miwili.

“Mama,” alisema, “baba bado hajapigwa.”

'Mamokete hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akaikaza fimbo mkononi. Vigelegele vikapungua kimoja kimoja.

“Mimi?” mzee Ramokete alirudi nyuma hatua. “Acheni mchezo. Mambo ya zamani hayo. Basi lina safari.”

“Basi halina haraka, mzee,” dereva alisema.

'Mamokete akasogea. Mzee akamtazama, akaitazama fimbo, akaacha kurudi nyuma. Alivua kofia yake mwenyewe, akaiweka juu ya ile ya mwanawe, akainamisha kichwa. Mkewe akainua fimbo akamgusa nayo begani, polepole, mahali palepale alipojishika siku ile ya mgodini.

“Ramokete,” alisema, “umepata mtoto. Wa kiume.”

Kifua kibovu cha mzee kilipanda na kushuka. Machozi yalimshuka wazi mbele ya watu wote, naye hakuyafuta.

“Umepiga kidogo,” akasema. “Rudia. Wangu mimi alikuja na meno.”

'Mamokete akarudia, safari hii kwa nguvu zake zote.